Mafuta ya Taa Katika Chai ya Jirani

Kanisani kwetu kisa hiki husimuliwa kwa namna inayonipendelea. Wanasema nilikuwa na tangi bovu chini ya ua, likavuja hadi kwa jirani, nami nikajitokeza kama mwanamume nikasema ukweli. Wakifika hapo kuna wanaonipiga bega. Mimi huinamia sahani yangu nikajifanya natafuta pilipili, kwa sababu sikujitokeza. Nilisukumwa, na nilisukumwa nikiwa nimechelewa.

Nyumba yetu iko Kings Heath, huku nchini kwa Waingereza, kwenye mtaa unaoteremka. Mzee wa Kizungu aliyetuuzia ndiye aliyenionyesha mahali tangi lilipo. Lenyewe lilikuwa limefukiwa. Kilichoonekana ni bomba fupi la chuma lililochomoza kwenye nyasi, karibu na ukuta wa jikoni, likiwa na kifuniko cha kuzungusha. Alinieleza kwamba zamani, kabla ya gesi kufika, nyumba ilipashwa joto kwa mafuta, na mafuta yalihifadhiwa humo ardhini. Gesi ilipoingia, tangi likaachwa lilipo na kilichobaki ndani yake. Akasema angekuwa na nguvu angewaita watu walitoe, maana chuma kikikaa udongoni hakina maisha marefu. Nilimwitikia kwa adabu huku macho yangu yakipima ule ua na kukadiria mbuzi wangapi wangechomeka pale kwa siku moja.

Nyama choma ni eneo langu, na sipendi kuingiliwa. Kiangazi cha kwanza tuliwaalika watu wa fellowship, Wakenya watupu, wengi wao manesi kama mimi na wahudumu wa nyumba za wazee. Mkaa ulikuwa umeingia unyevu. Nikapuliza mpaka machozi yakanitoka, moto ukakataa. Mmoja akasema aende dukani High Street akanunue vile vipande vya kuwashia moto. Mimi sina subira, na wageni walikuwa wameanza kunicheka, ndipo nikakumbuka lile bomba. Nikaenda kuchukua spana.

Kifuniko kilikuwa kimeshikana na kutu. Nilikikaba kwa hasira mpaka kikalia, kikazunguka, na kipande cha ukingo wake kikavunjika mkononi mwangu. Harufu ikapanda.

Ilikuwa ni mafuta ya taa. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya gesi na umeme angerudi nyuma. Mimi niliinama zaidi nikavuta pumzi. Nililelewa na stovu ya utambi na koroboi. Nilisoma mpaka darasa la nane nikiwa na masizi puani. Kwangu mimi harufu ile haikuwahi kumaanisha hatari. Ilimaanisha mama yuko jikoni na chakula kinakaribia kuiva. Nilitumbukiza ufito, ukatoka umelowa hadi nusu. Nikaleta mpira wa bustani, nikavuta kwa mdomo kama tulivyowaona madereva wa malori wakifanya, nikatema, na chupa ikajaa. Mkaa ukashika mara moja.

"Bro amevumbua oil!" mmoja akapiga kelele. "Sheikh wa Kings Heath!"

Jina likanishika, na sitadanganya, nililipenda. Kiangazi chote kila aliyekuja kwetu alitaka kuonyeshwa kisima cha Sheikh. Kifuniko hakikurudi tena mahali pake, kwa hiyo nililifunika bomba kwa bakuli la plastiki la aiskrimu nikaweka jiwe juu. Upepo ukilipeperusha, nililiokota nilipokumbuka.

"Mzee, hiyo kitu uifunge properly," mke wangu aliniambia. "Huku kunanyesha, wewe."

"Hayo ni mafuta, mama, si sukari," nikamjibu. "Maji yatayafanya nini?"

Aliniangalia jinsi anavyoangalia mgonjwa aliyekataa dawa, akaingia ndani.

Upande wa chini wa mteremko, ng'ambo ya fensi fupi ya mbao, alikuwa akiishi mama mmoja mjane kutoka mashariki ya Kongo pamoja na binti zake. Alikuwa mpangaji. Kabla ya hapo walikuwa wamezungushwa miaka mingi, leo chumba cha hoteli, kesho fleti ya juu kabisa, na ile ndiyo ilikuwa nyumba yao ya kwanza yenye udongo. Alinieleza hayo siku tuliyofahamiana, akiwa ameshika jembe, na alilitamka neno udongo kama mtu anayetaja ndugu yake. Aliotesha lengalenga, ule mchicha wa kwao, maharage, na maboga aliyoyataka kwa ajili ya majani tu. Binti zake walimjibu kwa Kiingereza kutoka dirishani, naye akaendelea kuwaamrisha kwa Kiswahili. Karibu kila wiki fungu la mboga lilipita juu ya fensi kuja kwetu, limefungwa kwa kamba ya nailoni.

Mimi nami nikataka kumpa kitu. Nilimjazia jerikeni ya mafuta kutoka kwenye kisima changu, ya kuwashia mbabula, jiko lake la makaa la kuchomea samaki. Alinusa, akacheka hadi akajishika kiuno.

"Papa, hii iko nanuka kwetu kabisa!"

Jerikeni ikaenda kukaa kwenye kibanda chake cha zana. Nilirudi ndani nikijiona jirani mwema.

Kisha ikaja mvua ya huku, ile isiyo na ngurumo wala haraka, inayonyesha tu. Ikanyesha vuli, ikanyesha wakati wote wa baridi. Kuna majuma nilipotoka zamu asubuhi nikaona bomba liko wazi na bakuli liko kwenye fensi, nikajiambia nitaliweka nikiamka. Wakati mwingine niliamka nikasahau.

Majira ya kuchipua, lengalenga ya mama yule ilitoka ardhini ikiwa ya manjano, kisha ikalala chini. Ukanda wote unaofuata fensi haukuota kitu.

"Papa, hii udongo iko na ugonjwa gani?" aliniuliza, akishika bonge mkononi.

Nikampa mhadhara. Nilimwambia maji yamezidi, aweke samadi, achimbe mtaro. Nilizungumza kama afisa wa kilimo, na wakati wote ule harufu ya mafuta ya taa ilikuwa ikipanda kutoka kwenye bonge lile hadi puani mwangu. Nilijiambia ni jerikeni yake imedondosha. Mtu akitaka kujitia hamnazo hakosi sababu.

Baadaye harufu iliingia ndani ya nyumba yake, ikakaa chini ya sakafu, na wasichana wakaanza kulalamika kuwa vichwa vinawauma. Akamwita mwenye nyumba.

Siku hiyo nilikuwa uani naanika mashuka. Nilimsikia yule bwana akizunguka, akifungua kibanda cha zana, na alipotoka alikuwa ameinua jerikeni juu kama mtu aliyeshika mwizi. Alimuuliza kwa Kiingereza ameitoa wapi, na ni mara ngapi amemwaga mafuta bustanini. Alisema anawajua watu wanaowasha mioto nje na kuharibu mali isiyo yao. Akasema hatatengeneza uharibifu alioufanya mpangaji mwenyewe. Atafute pa kwenda.

Mimi nilikuwa nyuma ya shuka, mita chache kutoka kwao, nimeshika kibanio cha nguo. Ilikuwa kazi ya kusema sentensi moja. Bwana, jerikeni hiyo ni yangu, na nadhani yanayovuja ni yangu pia. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikasikia mama yule akijibu kwa Kiingereza chake cha polepole: "I don't know, sir. I don't know." Nikaimeza.

Nimejiuliza mara nyingi niliogopa nini. Niliogopa wakaguzi, maana mtu aliyekuja nchi ya watu, hata akipewa pasipoti yao, akiona gari la serikali mlangoni moyo humruka. Niliogopa kuambiwa nyumba yangu haina thamani tena. Na niliogopa kichekesho, nalisema hili kwa aibu: Sheikh wa Kings Heath amemharibia mjane shamba lake. Niliogopa utani wa watu wanaonipenda.

Alipoondoka yule bwana nilichukua ufito wangu nikautumbukiza tangini. Kiangazi kile cha kwanza ulilowa nusu, na tangu hapo nilikuwa nimechota chupa baada ya chupa. Sasa ulitoka umelowa karibu wote. Mafuta hayajizalishi. Niliutazama ufito vizuri: juu mafuta, na kuanzia chini sehemu ndefu ilikuwa maji matupu. Mvua ilikuwa ikiingia kwa bomba nililolivunja mimi, maji yanakaa chini kwa uzito wake, na mafuta yanainuliwa mpaka kwenye sehemu za juu za tangi zilizotobolewa na kutu. Yakitoka hapo hayana njia ila kuteremka, na kwenye mteremko yuko nani? Mimi ni nesi. Kila zamu natazama vimiminika vikijitenga ndani ya mifuko na mirija. Nilielewa palepale, na nikarudisha bakuli na jiwe juu ya bomba, nikaenda kulala, na nikalala.

Siku kadhaa baadaye mama yule aliniita kwenye fensi. "Papa, kuja tunywe chai."

Sebuleni mwake maboksi yalikuwa yameanza kupangwa ukutani. Madirisha yote yalikuwa wazi, na baridi ilikuwa kali. Alinimiminia chai ya tangawizi kwenye kikombe kikubwa, akaketi mbele yangu na mikono yake magotini. Yeye hakujimiminia. Nilipiga funda la kwanza, na ulimi ukaitambua ladha kabla yangu.

Mtu yeyote aliyesoma shule ya bweni Kenya anaijua. Tuliamini kwamba wapishi walitia mafuta ya taa kwenye chai na maharage ili kutupoza damu ya ujana, na tuliinywa hivyohivyo huku tukiwatukana. Kwa sekunde moja nilitaka kucheka na kumsimulia. Kisha nikaelewa ladha ile imefikaje kwenye bomba la maji la nyumba yake.

"Unaonja nini, Papa?" akaniuliza.

Alikuwa ananitazama usoni, kwa upole, bila kupepesa. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yangu.

"Tangawizi," nikasema. "Tamu sana, Mama."

Nikaimaliza yote. Katika mambo yote niliyoyafanya, kuvunja kifuniko, kuacha mvua iingie, kujificha nyuma ya shuka, hilo neno moja ndilo linaloniamsha. Yale mengine naweza kuyaita uzembe au woga. Lile nililichagua, mtu akinitazama.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa anakata vitunguu. Nilimpita, akasimamisha kisu.

"Umekunywa nini? Unanuka stovu."

Nikamwambia. Nilianza na chai, nikarudi nyuma hadi ufito, hadi shuka. Hakunikatiza. Nilitegemea anifokee, maana ana kila haki, na kufokewa kungenipunguzia mzigo. Alichouliza ni kimoja.

"Na hao wasichana, hayo ndiyo maji wanaoga?"

Alinawa mikono, akavua aproni.

"Nenda sasa hivi," akasema. "Ama niende mimi, na nikienda mimi nitasema yote, hata ya shuka."

Hivyo ndivyo nilivyojitokeza. Nilizunguka kwa barabara, nikagonga mlango wa mbele kama mgeni, kwa sababu sikuwa na uso wa kumwita kwenye fensi. Alifungua. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni: tangi, kifuniko, mvua, kwamba yanayovuja ni yangu, kwamba maji ya bomba wasiyaguse, kwamba nilisikia alivyosingiziwa nikanyamaza. Nilisema haraka na vibaya.

"Najua, Papa," akasema.

Nilidhani hakunielewa. Nikaanza tena, akainua mkono.

"Nilichimba pale kwa fensi, mbele hata ya kuita mwenye nyumba. Nikaona mafuta iko natoka kwako. Nikarudisha udongo."

"Sasa Mama, mbona hukumwambia? Anakufukuza!"

"Kwetu nimeona watu wanakufa juu ya jirani alionyesha kidole," akasema. "Mimi kidole yangu haionyeshi mtu. Bon. Nikasema, atasema mwenyewe. Ile siku niliona viatu vyako chini ya drap, ile shuka. Nikangoja. Hukusema. Nikakuita kwa chai. Ile maji sisi hatukunywa tena, tunanunua ya chupa kwa magasin. Nikasema, akionja, atasema."

Hakumalizia. Hakukuwa na haja. Wote wawili tulikuwepo niliposema tangawizi.

Kesho yake nilimpigia mwenye nyumba, kisha nikaita kila aliyepaswa kuitwa. Walikuja na vipima hewa, wakafungua sakafu ya jirani, wakakunja nyuso. Fundi mmoja alinieleza kuwa bomba la plastiki likilala kwenye udongo uliolowa mafuta huyanyonya kidogokidogo, na maji yanayopita ndani hubeba ladha na madhara. Aliniuliza harufu ilianza lini. Nikamwambia nilidhani ni kawaida. Alinitazama kama mtu asiyejua aandike nini.

Tangi lilitolewa likiwa na matundu mgongoni kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Kwa jirani walichimba bustani yote, tangu fensi hadi mlango wa jikoni, wakaupakia udongo ule kwenye malori kwa sababu sasa ulihesabiwa kuwa sumu. Mama yule alisimama dirishani akiwaangalia. Niliona jembe lake limeegemezwa ukutani, na hakulichukua.

Mwenye nyumba aliyameza maneno yake, alimwomba radhi kwa namna yake kavu, lakini radhi haikusaidia. Nyumba isiyo na sakafu hailaliki, na kazi ingechukua muda mrefu kuliko alivyokuwa tayari kuwangoja wapangaji. Kama ningesema mapema, fundi alinieleza nilipomuuliza, huenda yasingefika chini ya sakafu. Nilimuuliza mwenyewe. Nilitaka anikatalie. Jiji likawapa fleti upande mwingine kabisa, ghorofa za juu.

Siku ya kuhama sikuwa na zamu. Nilivaa nguo za kazi, nikafika kabla ya gari. Nilikuwa nimepanga nifanye kazi ya watu watatu: nibebe kitanda, nibebe friji, nirudi kufagia. Nilitaka mgongo uniume. Wasichana walinipita na mifuko bila kunisalimia, na mama yao akawaita.

"Salimieni jirani."

"Hi," wakasema, wakaendelea.

Nikamfuata hadi kwenye ukumbi. Nilimwomba msamaha, safari hii polepole, kwa maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi ndani ya treni kwenda na kurudi kazini. Alinisikiliza hadi mwisho. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, mikavu na migumu.

"Nilikusamehe zamani, Papa," akasema. "Mungu anajua."

Nikashusha pumzi. Nikainama nikainua boksi lililokuwa karibu, zito, la vyombo, nikageuka nalo kuelekea mlangoni.

"Hapana," akasema nyuma yangu. "Weka chini."

Nilidhani anahurumia mgongo wangu. Nikasema si zito.

"Nimekusamehe," akarudia, kwa sauti ileile ya upole. "Lakini usibebe vitu vyangu."

Nililiweka boksi pale aliponionyesha, karibu na ngazi. Binti yake mkubwa akaja akalichukua.